NYONGO NA INI LILILOINGIA MAFUTA

Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja, naye ametuomba tusilitaje jina lake wala mji wake. Asema mumewe ni mtu wa makamo, hajapata kuonja ulevi maishani mwake. Alikwenda kupimwa kwa ajili ya kisukari, akapigwa picha ya tumbo, akaambiwa ini lake limeingia mafuta. Aliporudi nyumbani yakazuka mambo mawili. Baadhi ya jamaa wakaanza kunong'ona kwamba huenda mzee anakunywa kwa siri, maana maradhi ya ini, kwa wajuavyo wao, ni ya walevi. Wengine wakamletea habari ya dawa ya chupa ambayo, kwa maneno ya muuzaji, huikamua nyongo chafu yote ikatoka, ini likabaki safi kama la mtoto mchanga. Bei ya chupa hiyo ni sawa na ada ya mtoto wao ya muhula mzima. Mama auliza: je, nyongo ina jambo gani na mafuta ya ini?

Jawabu ni kwamba lipo jambo, tena kubwa kuliko wajuavyo wauzaji wa chupa. Lakini si hilo walisemalo. Na kwa kuwa swali hili ni la nyumba nyingi, tumeona tulieleze kwa urefu kidogo.

Kila aliyepata kumpasua kuku jikoni aijua nyongo. Ni kile kifuko kidogo cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho mama humwonya binti yake akitoe kwa uangalifu, kwani kikipasuka nyama yote huwa chungu. Kwa ajili ya uchungu huo lugha yetu imeitia nyongo katika kila baya. Mambo yakiharibika twasema yametumbukia nyongo. Matabibu wa kale nao waliihesabu sana. Jalinus wa Wayunani, na baada yake Ibn Sina katika kitabu chake cha Qanun, walifundisha kwamba mwili una majimaji ya namna nne: damu, balghamu, safura na sauda. Safura ndiyo nyongo ya manjano. Neno hilo limebaki kwetu hata leo, ingawa sasa twaliita kwa maradhi mengine, yale ya kupungukiwa damu kwa sababu ya minyoo. Kwa elimu yao, moja katika hayo manne likizidi mtu huugua, na dawa yake ni kulitoa lililozidi. Basi mwenye kuuza dawa ya kukamua nyongo anauza masazo ya elimu hiyo, pengine bila ya yeye mwenyewe kujua. Hatuwacheki wazee wale. Walijua kwa hakika kwamba nyongo ina mahali pake katika ini na kifuko chake, nao walikuwa hawana darubini ya kutazamia zaidi ya hapo.

Sasa tuitazame kwa elimu ya leo. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hata kufikia lita moja kila siku. Kifuko hakiwezi kuiweka yote. Huweka kama vijiko viwili vitatu vya kulia, nacho huikoleza kwa kuinyonya maji. Mtu akikaa bila ya kula, kama mchana wa mfungo, kifuko hujaa. Akila, hasa chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni iendayo kukiamuru kifuko kijikaze, na nyongo ikamiminika juu ya chakula. Kazi yake hapo ni kazi ya sabuni. Sufuria iliyokaangiwa samaki haitakati kwa maji matupu, na tumbo nalo haliwezi kuyasaga mafuta ila yakatwekatwe kwanza kuwa matone madogo madogo. Kinachofanya kazi hiyo ya sabuni ni vitu viitwavyo tindikali za nyongo, au asidi za nyongo, navyo ndivyo tunavyotaka kuvizungumza.

Tindikali hizi ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Wengi wetu twaijua kolesteroli kwa ubaya tu, lakini hapa inatumika kwa manufaa, na nyongo ndiyo njia kubwa ya mwili kuitoa. Ajabu ya tindikali za nyongo ni uchache wake. Mwilini mwote mna kama gramu 3 tu, yaani chini ya kijiko cha chai. Gramu hizo 3 zafanyaje kazi ya siku nzima? Huzunguka. Zikimaliza kazi yake, hunyonywa mwisho wa utumbo mwembamba, zikaingia katika damu, zikarudi katika ini, zikatumwa tena. Katika kila 100 zilizoteremka, kama 95 hurudi, na mzunguko huu huenda mara kadhaa kwa siku. Zile chache zipoteazo hutoka na choo, na ini hutengeneza badala yake, kiasi cha nusu gramu hivi kwa siku. Njiani nako kuna wafanyakazi wengine: bakteria wa matumboni huzigeuza baadhi yake zikawa tindikali za namna nyingine, nazo pia hurudi katika ini pamoja na wenzake.

Mtu akilifahamu hili ataona kwamba maneno ya kuikamua nyongo yote ikatoka hayana maana. Nyongo si taka iliyolala mahali ikingoja kumwagwa. Laiti ingewezekana kuitoa yote, mtu huyo angeharisha na kupoteza mafuta ya chakula chake, kama wapatavyo wale waliokatwa sehemu kubwa ya mwisho wa utumbo mwembamba kwa ajili ya maradhi.

Kwa muda mrefu watu walidhani kazi ya sabuni ndiyo kazi yote. Mwaka 1999 makundi matatu ya wataalamu nchini Marekani, kila kundi kwa njia yake, walitangaza kwamba ndani ya chembe za mwili mna kipokezi ambacho ufunguo wake ni tindikali ya nyongo. Kipokezi hicho huitwa FXR, nacho kimo katika ini na katika utumbo. Tindikali ikikigusa, hutoa amri. Katika ini amri ni hii: punguza kutengeneza tindikali mpya, na punguza kutengeneza mafuta. Katika utumbo amri ni kutoa homoni iitwayo FGF19, ambayo huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini kulipasha habari kwamba chakula kimefika na nyongo imetosha. Miaka michache baadaye kikajulikana kipokezi cha pili, TGR5, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kuufanya utumbo utoe homoni ya GLP-1, isaidiayo insulini kuiweka sukari ya damu mahali pake.

Kumbe basi nyongo ni tarishi. Hupita kati ya utumbo na ini mchana na usiku, ikileta habari ya kilicholiwa na kiasi chake, na ini hufanya shughuli zake za sukari na mafuta kwa kuzisikiliza habari hizo.

Tuje sasa kwenye ini lililoingia mafuta. Ini la mtu mzima wa afya halikosi mafuta kidogo. Husemwa ni ugonjwa pale chembe zenye matone ya mafuta zinapozidi 5 katika kila 100. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20 ambao maini yao, yakitazamwa kwa darubini, yalikuwa kama maini ya walevi, nao si walevi. Tunawaomba wale jamaa wanaonong'ona walisome jambo hili mara mbili. Ni zaidi ya miaka 40 tangu matabibu waandike kwamba mtu aweza kupata maradhi haya pasi na kugusa pombe. Hata jina lenyewe la ugonjwa, lililokuwa likiutaja ulevi ili kuukanusha, lilibadilishwa mwaka 2023, na sehemu ya sababu ilikuwa fedheha waliyokuwa wakiipata wagonjwa. Jina jipya laufungamanisha ugonjwa na namna mwili uendeshavyo chakula chake: unene wa tumbo, kisukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu. Kumdhania mtu ulevi kwa sababu ya picha ya ini ni dhulma, na picha hiyo haimshuhudii kwa lolote katika hilo.

Wala hawa si watu wachache. Hesabu iliyokusanywa mwaka 2016 kutoka nchi nyingi ilionyesha kwamba mtu mzima 1 katika kila 4 duniani ana mafuta katika ini. Nchi za Mashariki ya Kati, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa, zilikuwa juu kabisa, zaidi ya watu 30 katika kila 100. Afrika ilikuwa chini, kama 13 katika 100, lakini waliopimwa Afrika walikuwa wachache, kwa hiyo tusijifurahishe mapema. Walio wengi hubaki na mafuta tu bila ya madhara makubwa ya ini. Baadhi yao ini huvimba ndani kwa ndani, likafanya makovu, na makovu yakizidi ini hunyauka na kuwa gumu. Yote haya huweza kuendelea miaka mingi bila ya maumivu.

Mafuta hayo yametoka wapi? Watu wengi hujibu: katika vyakula vya mafuta. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya juu ya wagonjwa 9, ambao chakula chao kilitiwa alama za kikemia zenye kufuatika mpaka ndani ya ini. Waliona kwamba kama sehemu 59 katika 100 za mafuta ya ini zilitoka katika shahamu iliyokwisha kuwekwa mwilini, sehemu 26 ini lilizitengeneza lenyewe, khasa kwa sukari na wanga, na sehemu 15 tu zilitoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula. Wagonjwa 9 ni wachache, lakini hesabu hii yatosha kumstusha yule anayekataa mchuzi wa nazi kwa kuogopa ini, kisha akateremsha soda mbili na chai ya sukari vijiko vinne.

Na nyongo je, katika ini la namna hii? Hapa ndipo panapofungamana. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wenye ini lililovimba kwa mafuta huwa na tindikali za nyongo nyingi zaidi katika damu kuliko watu wazima wa afya, kwamba uwiano wa namna zake umebadilika, na kwamba ini lao haliitikii vizuri amri ya FGF19. Tarishi anakwenda, lakini habari haisikiki. Ini huendelea kutengeneza tindikali na mafuta kana kwamba halikuambiwa kitu, na baadhi ya tindikali zikizidi huzidhuru chembe zile zile zilizozitengeneza. Bakteria wa matumboni nao, wakibadilika kwa chakula kibaya, huchanganya habari hizo zaidi. Wataalamu wangali wakijadiliana ni lipi lililotangulia, kuharibika kwa habari au kuingia kwa mafuta. Sisi tunaona kwamba kwa mgonjwa mambo haya mawili hulishana, na kulikata moja ni kulidhoofisha la pili.

Mtu atasema: ikiwa ni hivyo, si tupewe dawa ya nyongo? Imejaribiwa, na kisa chake chafaa kujulikana. Iko tindikali iitwayo asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo ni nyingi katika nyongo ya dubu, na Wachina waliitumia nyongo hiyo kwa dawa karne nyingi. Siku hizi tindikali yenyewe hutengenezwa viwandani. Ina manufaa katika baadhi ya maradhi ya mishipa ya nyongo. Lakini uchunguzi wa mwaka 2004, uliowachukua wagonjwa 166 wa ini la mafuta lililovimba kwa miaka miwili, haukuona tofauti kati ya walioimeza na waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Ikafuata ya pili, asidi ya obetikoliki, ambayo ni tindikali ya nyongo iliyogeuzwa kidogo ili ikifungue kile kipokezi cha FXR kwa nguvu. Watu waliitumaini sana. Katika majaribio ya watu 283, ambayo matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 2014, ini lilitengenea kwa wagonjwa 45 katika 100 waliopewa dawa, na 21 katika 100 wa upande wa pili. Lakini waliopewa dawa waliwashwa mwili, 23 katika 100, na kolesteroli mbaya ya damu ikapanda. Majaribio makubwa zaidi yalitolewa mwaka 2019: makovu yalipungua kwa 23 katika 100 waliopewa kipimo kikubwa cha dawa, na kwa 12 wasiopewa, nao muwasho uliwapata 51 katika 100 kwa kipimo hicho hicho. Wenye mamlaka ya dawa Marekani waliikataa kwa ugonjwa huu mwaka 2020, wakaikataa tena mwaka 2023, na kampuni ikaiacha kazi hiyo. Tumelitaja hili kwa makusudi. Ikiwa tindikali iliyotengenezwa kwa elimu kubwa, ikapimwa kwa watu mamia kwa mamia, manufaa yake yalionekana madogo kuliko madhara yake, chupa isiyo na hata orodha ya vilivyomo ina dhamana gani?

Dawa zilizokubaliwa Marekani kwa ini la mafuta lenye makovu ni resmetiromu, mwezi wa Machi 2024, na semaglutidi, mwezi wa Agosti 2025. Hizo si dawa za nyongo, ingawa ya pili huiga ile homoni ya GLP-1 tuliyoitaja. Zote mbili ni kwa watu maalumu, kwa uangalizi wa daktari, na hutolewa pamoja na kurekebisha chakula na kuutumikisha mwili.

Na kurekebisha chakula kumeonyesha nguvu ambayo vidonge vingi havikuipata. Huko Havana, nchini Cuba, wagonjwa 293 walifuatwa kwa wiki 52 kwa chakula na mazoezi peke yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wale waliopunguza uzito wao kwa sehemu 1 katika 10 au zaidi, 90 katika kila 100 yao ule uvimbe wa ini uliondoka, na 45 katika 100 hata makovu yalirudi nyuma. Mtu wa kilo 90 ni kusema apunguze kilo 9. Si kazi nyepesi: katika wale wote, kama mmoja tu katika kila 10 aliufikia upungufu huo. Lakini hata aliyepunguza kidogo alipata kidogo.

Kwa watoto iko habari nyingine. Mwaka 2019 ilitolewa kazi iliyofanywa Marekani kwa wavulana 40 wa umri wa miaka 11 hadi 16, ambao tayari maini yao yalikuwa na mafuta. Nusu yao waliondolewa sukari ya kutiwa karibu yote kwa wiki 8, na chakula kilibadilishwa kwa nyumba nzima, si kwa mtoto peke yake. Mafuta ya ini yao yaliteremka kutoka 25 katika 100 mpaka 17. Kwa wenzao walioendelea na chakula chao yalitoka 21 mpaka 20. Tunapenda wazazi waliangalie lile neno la nyumba nzima. Haiwezekani mtoto aambiwe anywe maji huku baba amekaa na chupa ya soda mbele yake, au futari iwe kaimati zilizozama katika shira na juisi ya unga, kisha tutaraji mfungo uliponye ini.

Iko pia njia ya halali ya kuipunguza nyongo, kama mtu anapenda kusema hivyo, nayo haiuzwi kwa chupa. Kunde, choroko, mbaazi, maharage na shayiri zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo huzishika baadhi ya tindikali za nyongo na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na kwa kazi hiyo huvuta kolesteroli kutoka katika damu.

Ama ile dawa ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, ambayo mtu huonyeshwa asubuhi vijiwe vya kijani vilivyotoka na akaambiwa hiyo ndiyo nyongo iliyoganda, siri yake ilikwisha kufichuliwa. Jarida la Lancet la mwaka 2005 lilieleza habari za mama wa miaka 40 aliyewapelekea matabibu vijiwe vyake vya namna hiyo. Vilipopimwa havikuwa na kolesteroli wala rangi ya nyongo; sehemu kubwa ilikuwa asidi za mafuta. Ni sabuni iliyojifanya tumboni kutokana na hayo mafuta na limau aliyoyanywa. Chupa ya mama aliyetuandikia hatukuiona, lakini ada ya mtoto ina kazi yake.

Yako mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza, kukonda kwa haraka mno, kwa kujinyima kabisa, huleta vijiwe vya kweli katika kifuko cha nyongo, kwa sababu kolesteroli huzidi katika nyongo na kifuko hakijikazi ipasavyo. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki yatosha. Na mwenye kutumia dawa za kisukari asibadilishe chakula wala saa za kula bila ya kushauriana na daktari wake. La pili ni nyongo ya mnyama au samaki inywewayo mbichi kwa dawa. Katika nchi za Asia wako waliokunywa nyongo ya samaki wa jamii ya kapu kwa kutafuta afya, wakatapika, wakaharisha, macho yakawa manjano, na baada ya siku chache figo zao zikaacha kufanya kazi. Kuipika nako hakuiondolei sumu yake. Kile kifuko cha kijani kikitolewa jikoni, kitupwe.